Kupima masi kwa kosa lisilozidi ppm 1: mwongozo kamili kwa maabara za Unguja na Pemba

Anayepima mafuta ya karafuu kwa spektromita ya masi yenye mgeuzo wa Fourier hutaka jibu moja: kilele hiki ni cha fomula gani? Mashine humpa namba yenye desimali tano, na desimali tano humfanya mtu aamini upesi. Lakini wingi wa desimali si usahihi. Sampuli ileile kwenye mashine ileile, asubuhi na alasiri, inaweza kutoa namba zinazopishana kwa ppm 3 au 4 (sehemu 3 au 4 katika milioni), na mpishano huo unatosha kukuandikia fomula isiyo yake. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuushusha hadi chini ya ppm 1 na kuuzuia usipande tena.

Tuseme mapema tunachokiamini. Makosa mengi hayaletwi na mashine duni. Huletwa na ioni kuwa nyingi mno ndani ya mtego (sehemu ya mashine inayozishika ioni), na ioni za rejea, zile ambazo masi yake inajulikana tayari, kuwa mbali na ile inayopimwa. Mambo mengine yote yana nafasi yake, lakini haya mawili ndiyo yanayostahili muda wako mwingi.

Mashine inapima frikwensi, si masi

Melvin Comisarow na Alan Marshall walionyesha mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, kwamba ishara ya ioni zinazozunguka ndani ya uga wa sumaku inaweza kurekodiwa yote kwa pamoja, kisha ikageuzwa kwa hesabu ya Fourier kuwa orodha ya frikwensi. Hiyo ndiyo FT-ICR. Orbitrap, kazi ya Alexander Makarov, iliingia sokoni mwaka 2005. Yenyewe haina sumaku: ioni huzunguka elektrodi ya kati huku zikienda mbele na nyuma, na mwendo huo wa mbele na nyuma ndio unaosikilizwa.

Tofauti ya mashine hizi mbili ina maana kwenye hesabu. Katika FT-ICR, frikwensi hupungua kwa kadiri ileile m/z (masi gawanya kwa chaji) inavyoongezeka. Ndani ya sumaku ya tesla 7, ioni ya m/z 200 yenye chaji moja huzunguka kama mara 537,464 kwa sekunde, na ya m/z 1000 mara 107,493. Katika Orbitrap, frikwensi hupungua kwa kipeuo cha pili cha m/z, kwa hiyo kosa la ppm 1 kwenye frikwensi huwa ppm 2 kwenye masi. Tena masi inayosomwa katika Orbitrap hufuata volti ya elektrodi ya kati moja kwa moja. Ikiwa volti hiyo ni 5,000, kuyumba kwa milivolti 5 tu kumeshakupa kosa la ppm 1. Hapo utaelewa kwa nini tunaanza na chumba kabla ya sampuli.

Chumba, joto na umeme

Weka joto la chumba mahali pamoja, lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi kwa siku nzima. Nyuzi 21 au 22 zinafaa, ila utulivu ni muhimu kuliko namba yenyewe. Kiyoyozi kisipulize moja kwa moja juu ya mashine. Kikiwa kinajizima na kujiwasha kila dakika kumi na tano, ukichora kosa la ppm dhidi ya saa utaona mawimbi yenye kipindi kilekile. Mchoro huo ufanye mara moja kwa kila mashine: pima rejea moja kila dakika mbili kwa saa nne, kando yake andika joto la chumba. Mistari miwili ikipanda na kushuka pamoja, tatizo lako ni la fundi wa viyoyozi, si la kemia.

Wakati wa kaskazi na wa masika unyevu hupanda sana, na hewa ya pwani ina chumvi. Unyevu na chumvi vikikusanyika kwenye viunganishi vya volti kubwa, umeme huanza kuvuja na volti kuyumba. Kifaa cha kukausha hewa kiwepo, unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 60, na vichujio vya feni visafishwe kila mwezi.

Umeme wa visiwa hivi huja kwa nyaya zinazopita chini ya bahari, Pemba ikiunganishwa na Tanga tangu 2010. Waliokuwapo Unguja wanakumbuka kukatika kwake tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mashine ya aina hii inahitaji UPS (betri ya dharura) ya kubeba pampu na kompyuta mpaka jenereta ishike. Umeme ukikatika hadi ombwe likavunjika, usipime kwa ajili ya ripoti siku hiyohiyo. Mtego unahitaji ombwe la takriban milibari 10⁻¹⁰, nalo huchukua usiku mzima au zaidi kurudi, hasa kama unyevu umeingia ndani. Dalili kwamba bado halijarudi ni hii: ishara inafifia mapema na vilele vinanenepa. Ukiona hivyo, subiri.

Hesabu kwanza, mashine baadaye

Kabla hujagusa sampuli, andika masi sahihi za unachotafuta na za rejea zako, kwa mkono au kwa jedwali la kompyuta. Tumia hidrojeni 1.00782503, kaboni 12 kamili, naitrojeni 14.0030740, oksijeni 15.9949146, sodiamu 22.9897693, salfa 31.9720712. Halafu usisahau elektroni: 0.00054858.

Wengi huanguka hapa. Eujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, ni C₁₀H₁₂O₂, masi 164.08373. Ioni yake hasi, iliyopoteza protoni, ni 163.07645. Anayetoa hidrojeni nzima na kusahau elektroni iliyobaki atapata 163.07590. Tofauti ni ppm 3.4, kosa kubwa kuliko mengi tutakayopambana nayo kwenye mashine, na limefanyika mezani. Kwa hiyo toa au ongeza protoni, 1.0072765, usitoe wala kuongeza atomu ya hidrojeni.

Kwa kazi ya karafuu, namba zinazohitajika mara kwa mara ni hizi:

Eujenoli, hasi: 163.07645
Eujenoli, chanya yenye protoni: 165.09101
Eujenoli, chanya yenye sodiamu: 187.07295
Asetati ya eujenili (C₁₂H₁₄O₃), chanya yenye protoni: 207.10157
Asetati ya eujenili, chanya yenye sodiamu: 229.08351
Kariofileni (C₁₅H₂₄), chanya yenye protoni: 205.19508

Kariofileni haina mahali pazuri pa kushika protoni, kwa hiyo elektrospre (chanzo kinachonyunyiza sampuli kwa volti) haiipendi. Tumia chanzo cha korona cha shinikizo la hewa. Asetati ya eujenili nayo haitaonekana kwenye hasi, kwa sababu haidroksili ambayo ingetoa protoni imeshafungwa na asetati. Jambo hili lina faida kwa anayetaka kutofautisha mafuta ya karafuu yenyewe na mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu), kama yale yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Makonyo yana asetati kidogo kuliko karafuu, basi hali zote mbili, hasi na chanya, zinahitajika.

Kuandaa sampuli

Mafuta ya karafuu ni mazito mno kwa mashine hii. Tone moja lisilozimuliwa likiingia kwenye bomba, utaiona eujenoli kwa wiki nzima.

1. Chukua mikrolita 10 za mafuta, tia kwenye mililita 10 za methanoli safi ya daraja la spektromita. Hapo una takriban miligramu 1 kwa mililita.

2. Badilisha ncha ya pipeti. Chukua mikrolita 10 za mchanganyiko huo, tia kwenye mililita 10 za methanoli na maji, nusu kwa nusu, yenye amonia asilimia 0.1. Sasa una takriban mikrogramu 1 kwa mililita, na hiyo inatosha.

3. Ongeza rejea. Yeyusha miligramu 13.8 za asidi ya salisiliki kwenye mililita 100 za methanoli, na kwenye chupa nyingine miligramu 25.6 za asidi ya palmitiki kwa mililita 100. Zote mbili ni milimoli 1 kwa lita. Tia mikrolita 10 za kila moja kwenye sampuli ya mililita 10.

Vyombo vya mafuta yasiyozimuliwa viwe vya kioo au polipropilini. Polistireni hulainishwa na eujenoli, na kilichoyeyuka huingia kwenye sampuli yako. Kwa hali chanya, kumbuka kwamba kioo cha kawaida hutoa sodiamu, na katika maabara iliyo karibu na bahari sodiamu iko kila mahali. Maji yawe ya megaohmu 18.2, yatekwe siku hiyohiyo.

Sodiamu si uchafu wa kawaida tu, inaharibu fomula. Ioni iliyobadilisha hidrojeni moja kwa sodiamu hupishana kwa milidaltoni 2.4 tu (milidaltoni ni sehemu ya elfu ya daltoni, kizio cha masi) na ioni iliyoongezewa kaboni mbili na kupunguziwa hidrojeni mbili. Kwenye 187 hiyo ni ppm 13 na utaitambua. Kwenye m/z 800 ni ppm 3 tu, na programu itakuletea molekuli mpya ambayo haipo duniani.

Kuingiza, tumia pampu ya sirinji kwa mikrolita 5 kwa dakika. Katika hali hasi volti ya kunyunyiza isizidi 3,000 hivi, kwani ikipanda zaidi hutokea cheche za korona na mnyunyizo unayumba. Angalia mkondo wa jumla wa ioni kwa dakika mbili kabla ya kurekodi. Ukipanda na kushuka zaidi ya asilimia 10, rekebisha ncha kwanza. Sababu yake inakuja sasa hivi.

Idadi ya ioni ndani ya mtego

Ioni zenye chaji ya aina moja husukumana. Zikiwa nyingi, uga wao wenyewe huongezeka juu ya uga wa mashine, na frikwensi inashuka. Frikwensi ikishuka, programu inasoma masi kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo ukiona makosa yote yako upande wa kuongeza, shuku wingi wa ioni kabla ya kitu kingine. Ni kama mizani ya karafuu iliyowekwa sifuri ikiwa tupu, kisha ikasahauliwa pakacha juu yake: kila gunia litazidi, na mizani yenyewe ni nzima.

Katika FT-ICR mteremko huo wa frikwensi unakaribia kuwa sawa kwa ioni zote, lakini athari yake kwa masi si sawa. Tuchukue mteremko wa hezi 0.5 kwenye tesla 7. Kwa m/z 200 ni ppm 0.9. Kwa m/z 1000 ni ppm 4.7. Ndiyo maana rejea ya upande mmoja wa spektra haiwezi kuokoa upande wa pili, na ndiyo maana mlinganyo wa Ledford, Rempel na Gross wa mwaka 1984, m/z = A/f + B/f², una sehemu mbili. A inabeba sumaku, na B inabeba uga wa mtego pamoja na msukumano wa ioni. B ikipatikana kwa mtego wenye ioni chache, haifai kwa mtego uliojaa.

Orbitrap inavumilia zaidi, kwa sababu elektrodi ya kati inazikinga ioni za upande mmoja na zile za upande wa pili. Inavumilia, lakini haisamehe.

Mashine nyingi za leo zina kidhibiti cha idadi ya ioni, na kwenye skrini mara nyingi huandikwa AGC. Hupima mkondo kwa muda mfupi, kisha hukadiria ifungue mlango kwa milisekunde ngapi. Kama mnyunyizo unayumba, kadirio linakuwa la sekunde iliyopita na ioni ni za sekunde hii. Basi mtego mmoja unapokea pungufu na unaofuata unapokea ziada, na kosa la masi linaruka toka skani (rekodi moja ya mtego) hadi skani. Ukiona mruko wa namna hiyo, usiende kwenye kalibresheni (kurekebisha kipimo kwa rejea). Nenda kwenye ncha ya kunyunyizia.

Kiwango kinachofaa hakipatikani kwenye kitabu cha mashine, hupatikana kwa jaribio. Lifanye hivi:

1. Tayarisha sampuli yenye rejea, kama ilivyoelezwa juu.

2. Weka lengo la ioni 100,000, rekodi skani 50. Rudia kwa 200,000, kwa 500,000, kwa 1,000,000 na kwa 3,000,000. Usiguse kingine chochote.

3. Kwa kila lengo, hesabu wastani wa kosa la eujenoli kwa ppm, na mtawanyiko wake.

4. Chora wastani dhidi ya lengo.

Upande wa chini mtawanyiko ni mpana kwa sababu ishara ni dhaifu. Upande wa juu mtawanyiko ni mwembamba lakini wastani unapanda. Chagua lengo kubwa kuliko yote ambalo wastani wake bado haujaanza kupanda. Katika Orbitrap, mara nyingi hukaa kati ya 200,000 na 1,000,000. Kisha libandike ukutani na mtu asilibadilishe kwa sababu tu kilele chake ni kidogo. Kilele kikiwa kidogo, ongeza idadi ya skani.

Kidhibiti huhesabu ioni zote zinazoingia, hata za uchafu. Kama mashine yako ina kwadrapoli (kichujio cha ioni) mbele, ruhusu m/z 120 hadi 300 tu, ili nafasi yote ya mtego ichukuliwe na unachohitaji pamoja na rejea zake. Hatua hii haigharimu kitu, na tunashangaa jinsi inavyoachwa.

Kuna ishara moja ya sampuli kali isiyohitaji hesabu, utakayoiona ukifungua kwadrapoli kupita m/z 300: kilele cha 327.16018. Hizo ni eujenoli mbili zilizoshikana na kupoteza protoni moja. Kikizidi asilimia chache za kilele cha 163, zimua mara kumi.

Wingi wa ioni una madhara mengine mabaya zaidi, kwa sababu hayaonekani. Vilele viwili vilivyo karibu sana vikijaa ioni huvutana, na mwishowe huungana kuwa kimoja. Kabla ya kuungana kabisa husogeleana, na masi za vyote viwili huwa za uongo ilhali vinaonekana safi. Ukishuku hali hiyo, punguza lengo la ioni kwa mara tano. Vilele vikiachana zaidi, ulikuwa sahihi kushuku.

Urefu wa ishara

Uwezo wa kutenganisha (m/z gawanya kwa unene wa kilele) hukua kwa kadiri unavyosikiliza kwa muda mrefu. Orbitrap ya Q Exactive husikiliza milisekunde 512 kupata 140,000 kwenye m/z 200. Kwenye m/z 800 mpangilio huohuo unakupa 70,000, kwa kuwa uwezo hupungua kwa kipeuo cha pili cha m/z. Kwa FT-ICR hupungua moja kwa moja: 400,000 kwenye m/z 400 ni 200,000 kwenye m/z 800.

Katika FT-ICR muda unategemea idadi ya nukta na m/z ya chini kabisa uliyochagua. Kwa tesla 7 na m/z 150, frikwensi ni kama hezi 716,600, nayo ni lazima isomwe angalau mara mbili kwa kila mzunguko. Nukta 4,194,304 zinakupa sekunde 2.9. Ukiteremsha m/z ya chini hadi 75 bila kuongeza nukta, muda unakuwa nusu na uwezo unakuwa nusu. Weka mpaka wa chini pale unapohitaji tu.

Unahitaji kiasi gani? Angalia jozi zinazokutesa. Kaboni tatu dhidi ya salfa moja na hidrojeni nne hupishana kwa milidaltoni 3.4, na kwenye m/z 500 inahitajika angalau 150,000. Isotopu ya kaboni 13 dhidi ya CH ni milidaltoni 4.5, na kwenye m/z 500 ni kama 112,000. Kwa eujenoli peke yake 70,000 inatosha kabisa, na skani fupi zinakupa nyingi zaidi za kuwastanisha.

Kalibresheni ya nje, kisha ya ndani

Ya nje ni ile inayofanywa kwa sampuli ya rejea peke yake kabla ya kazi. Kwa hali chanya, vishada vya fometi ya sodiamu ni rahisi na havina gharama. Changanya mililita 90 za isopropanoli na mililita 10 za maji, yeyushia miligramu 40 za hidroksidi ya sodiamu, ongeza mililita 0.2 za asidi ya fomiki. Vilele vinapanda kwa hatua ya 67.98742: 158.96407, 226.95149, 294.93891, 362.92634, 430.91376 na kuendelea. Ingiza kwa dakika tano, si zaidi, kisha osha chanzo kwa maji na methanoli nusu saa. Chumvi hiyo huganda kwenye mdomo wa mashine na kubana ioni za siku nzima.

Kalibresheni ya nje ikifanywa vizuri, kwa lengo lilelile la ioni utakalotumia kwenye sampuli, inakupa kosa la ppm 1 hadi 3. Kushuka chini ya hapo kunahitaji rejea ndani ya sampuli yenyewe, kwa sababu ioni za rejea na za sampuli hukaa mtego mmoja, joto moja, volti moja, msukumano mmoja.

Rejea za ndani ziwe mbili au zaidi, moja chini na moja juu ya unachopima, na ukubwa wa vilele vyake usiwe chini ya theluthi wala zaidi ya mara tatu ya kilele chako. Kwa eujenoli hasi, salisilati iko 137.02442 na palmitati 255.23295. Kwa asetati ya eujenili chanya, kafeini iko 195.08765 upande wa chini, na juu unaweza kutumia fithaleti ya dibutili inayotoka kwenye plastiki, 279.15909.

Tuseme umesoma salisilati 137.02460, eujenoli 163.07669, palmitati 255.23338. Kosa la salisilati ni +1.31 ppm, la palmitati +1.68. Kati yao, kwa uwiano wa umbali, kwenye m/z 163 kosa linalotarajiwa ni +1.39. Punguza kiasi hicho kwenye 163.07669, unapata 163.07646. Kosa lililobaki halifiki ppm 0.1, ilhali kabla ya hapo lilikuwa ppm 1.5. Hesabu hii inafanyika kwenye karatasi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiacha kwa kuwa programu yako haina kitufe chake.

Uchafu wa hewani nao unafaa kuwa rejea: siloksani za 371.1012 na 445.1200, na fithaleti ya 391.2843, zote chanya. Ila ziwekee dirisha jembamba, ppm 5 hivi. Dirisha likiwa pana, siku ambayo siloksani ni dhaifu programu itashika kilele cha jirani na kuiburuta spektra nzima pamoja nacho. Kagua kila faili: rejea ilionekana kwenye skani ngapi kati ya zote? Ikiwa chini ya tisa katika kumi, usiitegemee.

Kuchakata bila kuharibu

Hifadhi faili katika umbo la vilele vyenye mwili, si vijiti. Vijiti vikishatengenezwa vibaya haviwezi kurudishwa. Kama utahamia programu huria, msConvert hubadilisha faili kuwa mzML, na MZmine huisoma.

Panga hatua hivi: sahihisha kila skani kwa rejea yake, ndipo uwastanishe. Ukiwastanisha kwanza, mteremko wa dakika kumi unaunganishwa ndani ya kilele kimoja kinene na hakuna tena cha kusahihisha. Kwa FT-ICR, jaza sifuri mara moja au mbili, na lainisha kingo za ishara kwa dirisha la Hann ili vilele vikubwa visiote vilele bandia ubavuni. Kitovu cha kilele kitafutwe kwa kupitisha parabola kwenye nukta za juu, si kwa kuchukua nukta ndefu kuliko zote.

Kilele chenye ishara iliyo chini ya mara kumi ya kelele usikitolee uamuzi wa chini ya ppm 1. Kitovu chake kinachezacheza, na hakuna rejea itakayokituliza.

Toka namba hadi fomula

Ripoti mambo mawili tofauti: wastani wa kosa, na mtawanyiko wake. Wastani ukiwa mbali na sifuri, kalibresheni ina kasoro. Mtawanyiko ukiwa mpana, tatizo ni ishara au mnyunyizo. Anayeandika namba moja tu ya ppm anazificha dalili zote mbili.

Dirisha la kutafutia fomula liwe mara tatu ya mtawanyiko wako halisi, usikubali ppm 5 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa tayari kwenye programu. Kwenye 163.07645, mpinzani kama C₈H₉N₃O aliyeongezewa elektroni moja yuko umbali wa ppm 8 na anaondoka mara moja. Kwenye m/z 500 wapinzani ni wengi, na ppm 1 pekee haikuvushi. Hapo tumia isotopu. Kilele cha kaboni 13 kinakaa 1.00335 juu, na kila kaboni inachangia kama asilimia 1.08. Eujenoli inapaswa kuwa na kilele cha 164.07981 chenye ukubwa wa asilimia 11 hivi. Mashine za Fourier huonyesha isotopu dhaifu pungufu kidogo kuliko zilivyo, kwa hiyo asilimia 9 isikushtue, ila 5 ikushtue. Salfa hujitangaza kwa kilele cha 1.99580 juu, chenye asilimia 4.5 hivi.

Na jambo moja lisilorekebishika kwa usahihi wowote: isoeujenoli ina fomula ileile ya eujenoli, na masi ileile hadi desimali ya mwisho. Kuzitenganisha ni kazi ya kromatografia. Usiandike jina la molekuli kwenye ripoti wakati ulichopima ni fomula.

Ukipeleka sampuli nje ya visiwa

Si kila maabara ina mashine yake, na faili zinazorudi kutoka ng'ambo mara nyingi huja kama jedwali la vilele tu. Omba tangu mwanzo, kwa maandishi: faili ghafi zenye umbo la vilele, lengo la ioni lililotumika, muda wa ishara, tarehe ya kalibresheni ya nje, na rejea za ndani ulizotaka wewe zitiwe. Peleka mafuta kwenye chupa ndogo za kioo cha kahawia zenye kifuniko cha tefloni, zijazwe hadi karibu na shingo, pamoja na chupa moja ya kiyeyusho kitupu kutoka maabara yako. Chupa hiyo tupu ndiyo itakayokuonyesha ni fithaleti ipi imetoka kwenye plastiki yako na ipi imetoka kwao.